Naomba ushauri: nimfunge vipi mbwa wangu kwenye baiskeli bila kuumizana?

MamaDuluti

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie, maana tangu Jumamosi silali vizuri.

Nina mbwa anaitwa Bobi, dume, miaka mitatu na kidogo, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji. Nilipanda naye kwenye mizani ya duka la nafaka, nikatoa uzito wangu, nikapata kilo 26. Ana nguvu nyingi. Akikaa siku mbili ndani ya uzio bila kutoka anaanza kufukua chini ya banda la kuku. Mimi nina baiskeli ya gia, ya mtumba, naipanda alfajiri kabla ya kwenda kazini. Natoka nyumbani Tengeru, nashuka ile njia ya vumbi upande wa Ziwa Duluti na kurudi, kama kilomita 6 hivi. Muda wangu ni huo huo mmoja, nikaona niende naye.

Kosa langu: nilifunga kamba yake kwenye hendeli. Wiki mbili tukaenda vizuri kabisa. Jumamosi, siku ya soko, mzee mmoja alikuwa anaswaga mbuzi kuelekea sokoni. Bobi akawaona, akavuta mara moja tu. Hata breki sikuwahi kushika. Gurudumu la mbele liligeuka lote kushoto, nikapita juu ya hendeli. Kifundo cha mkono kimeteguka. Yeye baiskeli ilimwangukia, ukucha mmoja wa mguu wa mbele ukang'oka nusu. Nilipoinuka nilimkuta kalala pale pale pembeni ya gurudumu anatetemeka, hakukimbia, akaanza kunilamba mkono. Ile picha hainitoki.

Nimeona mtandaoni vitu vitatu: fimbo ya chuma inayofungwa chini ya siti ikatokeza pembeni, mkanda wa kufunga kiunoni mwangu, na tela la kumbeba nyuma. Bajeti yangu haizidi shilingi 150,000. Aliyewahi kutumia chochote kati ya hivi aniambie ukweli. Na kama jibu ni kwamba niache kabisa, nitalipokea.

Kijiweni_Moshono

Pole sana dada. Mimi wa kwangu simfungi kabisa, anakimbia nyuma ya baiskeli mwenyewe. Ameshazoea. Mbwa wa kienyeji ana akili, usimhangaishe na machuma.

Fundi_Spoku

Dada pole kwa mkono na pole kwa Bobi.

Mkuu Kijiweni, nakuheshimu lakini hapo sikubaliani na wewe. Mbwa asiyefungwa anapita salama siku mia, siku ya mia na moja bodaboda inamkwepa yeye inamgonga mtoto. Halafu Tengeru ipo kando ya barabara kuu ya Moshi, malori yanapita usiku na mchana. Hapo hakuna cha mazoea.

Nirudi kwa dada. Natengeneza baiskeli mwaka wa 18 huu, acha nikueleze kwa nini ulianguka, ukishaelewa hilo kifaa utajichagulia mwenyewe. Hendeli ni kama mpini wa wenzo. Kutoka katikati hadi mwisho wake ni sentimita 30 hivi. Ukifunga kamba pale, mbwa akivuta kwa nguvu ya kilo 10 tu, ile nguvu yote inakwenda kugeuza gurudumu la mbele. Gurudumu la mbele likishakaa upande, baiskeli inasimama na wewe unaendelea na safari. Wewe uliendesha sawasawa, tatizo ni mahali kamba ilipofungwa.

Sasa chukua kamba hiyo hiyo, ifunge kwenye bomba la siti, nyuma yako na chini yako. Mbwa akivuta, baiskeli inasukumwa pembeni kidogo, lakini usukani unabaki mikononi mwako. Kadiri unavyoshuka chini ndivyo anavyokosa nguvu ya kukuangusha. Kwa hiyo katika vitu vyako vitatu, fimbo ya pembeni ndiyo nashauri kwa mbwa wa kilo 26 mwenye afya. Na usiende kuagiza nje, nitakueleza inavyotengenezwa hapa hapa Arusha.

Zungu_la_Unga

Kwa nini usishike kamba mkononi tu? Akivuta unaachia.

Fundi_Spoku

Ndugu, akivuta huachii. Mkono unakaza wenyewe kabla akili haijaamua. Na wengi wanazungushia kamba kiganjani mara mbili, nimeona mtu kavunjika vidole viwili kwa sababu hiyo. Na ukibaki na mkono mmoja, una breki moja.

Ngalawa_Münster

Salamu kutoka Ujerumani wakuu. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Münster mwaka wa tisa, mji ambao baiskeli ni nyingi mno, na mbwa wanaokimbia na baiskeli nawaona kila siku. Huku sheria ya barabarani inakataza kuongoza mnyama ukiwa kwenye chombo, isipokuwa mbwa ukiwa kwenye baiskeli, na hata hapo lazima mbwa awe anaweza huo mwendo.

Ninayo ile fimbo. Moja maarufu inaitwa Springer, asili yake Norway. Ni bomba lenye springi nene mwanzoni, linafungwa chini karibu na gurudumu la nyuma. Mbwa akivuta ghafla springi inapinda, mvuto unakufia mle kabla haujafika kwako. Nilipoifunga mara ya kwanza mbwa wangu alimwona paka, akaruka. Nilisikia tu baiskeli inatikisika, kama mtu kanigusa bega.

Lakini dada, kuna jambo ambalo picha za kwenye maboksi zitakupoteza. Huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo vifaa vyote vinaonyesha mbwa akikimbia kulia, mbali na magari. Wewe uko Tanzania, unaendesha kushoto. Mbwa wako lazima akae KUSHOTO, wewe uwe ukuta kati yake na magari. Usinakili picha.

Fundi_Spoku

Umenena. Na kushoto kuna faida nyingine: cheni na gia ziko kulia, mkia wa mbwa na kamba vinakaa mbali na meno. Hasara ni moja, stendi ya pembeni nayo iko kushoto. Dada, ing'oe. Kama unahitaji stendi, weka ile ya miguu miwili ya katikati.

Na kushoto mwa barabara zetu za lami kuna mitaro. Fimbo inatokeza nusu mita. Ukibanwa na daladala, mbwa anaingia mtaroni, nawe unamfuata. Kwa hiyo hiki kifaa ni cha njia za vumbi na za mashambani, barabara kuu unaivuka kwa miguu, baiskeli mkononi.

Wanja_wa_Ngong

Pole sana dada. Mimi niko Nairobi. Nitakueleza habari ya mkanda wa kiunoni kwa sababu niliponea chupuchupu nikiwa nao.

Huo mkanda ni wa kukimbia kwa miguu. Mimi hukimbia nao na mbwa wangu, yeye yuko mbele, mimi nyuma, na hapo ni raha tupu, kwa sababu akikuvuta unaongeza hatua. Siku moja nikajaribu nao nikiwa kwenye baiskeli. Alikata kulia mbele yangu, kamba ikapita juu ya gurudumu, na kwa sababu imeshikana na kiuno changu sikuweza hata kuiruka baiskeli. Nilikokotwa. Baiskeli ikianguka unatakiwa uwe huru kuachana nayo, na mbwa naye awe huru kuachana na wewe. Ukiwa umejifunga kiunoni hamna hiyo nafasi.

Kuna mchezo ambao mbwa anavuta baiskeli kutoka mbele. Wale hufunga kamba yenye mpira kwenye shingo ya fremu, na kuna kijiti kinachotokeza mbele kuizuia isiingie kwenye gurudumu. Baiskeli zao ni za milimani zenye breki za diski na mbwa amefunzwa kugeuka kwa sauti. Huo ni mchezo, na wewe unachotaka ni mazoezi ya asubuhi. Usichanganye.

MamaDuluti

Asanteni sana. Mkanda wa kiunoni nimeufuta kwenye orodha. Fundi, naomba hayo maelezo ya kutengeneza. Na swali jingine: nimfunge kwenye kola yake ya shingoni au wapi? Kola anayo ya ngozi, imara.

Mzee_wa_Josho

Binti yangu, shingoni hapana, hata ingekuwa ngozi ya faru.

Mimi ni afisa mifugo, nimestaafu. Shingoni mwa mbwa kuna koo la hewa na mishipa, na mbwa anayekimbia anahitaji hewa kuliko wakati wowote. Baiskeli ikiyumba anavutwa kwa uzito wako na wa baiskeli pamoja. Anahitaji mkanda wa kifuani. Chagua ule wenye umbo la Y ukimtazama kwa mbele: mikanda miwili inashuka kutoka mabegani, inakutana kwenye mfupa wa kidari, halafu mmoja unapita katikati ya miguu ya mbele kwenda tumboni. Ile inayopita mlalo mbele ya mabega iepuke, inamzuia kunyoosha mguu. Mkanda wa tumbo ukae vidole vitatu au vinne nyuma ya kwapa, vinginevyo atachubuka siku ya kwanza. Vidole vyako viwili viingie chini ya mkanda popote. Kisha mvute kwa nyuma kwa upole uone kama anaweza kujichomoa kichwa. Wengi wanajichomoa.

Kuhusu huo ukucha: asikimbie mpaka upone kabisa. Muoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni, asilambe, na nyama ya ndani ikivimba au ikinuka umpeleke kliniki. Kwa kawaida ni wiki mbili tatu. Zitumie kutengeneza vifaa na kumfundisha.

Umri wake ni mzuri. Wanaosoma hapa na mbwa wadogo wasikilize: mbwa mwenye umbo la Bobi asikimbizwe na baiskeli kabla ya mwaka mmoja na nusu, mifupa bado inakua kwenye ncha zake. Majitu makubwa kama Boerboel wasubiri hadi miaka miwili. Na wale wenye pua bapa wasikimbizwe kabisa, hawana njia ya kutosha ya kupitisha hewa.

Hatari kubwa kuliko kuanguka ni joto. Mbwa hana jasho la mwili kama sisi, anajipoza kwa kuhema na kidogo sana kwenye nyayo. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Na atakimbia mpaka aanguke kwa sababu wewe unaendelea, hataki kuachwa. Mtazame ulimi: ukiona umetanuka kama mwiko, fizi nyekundu sana, mate mazito, miguu ya nyuma inayumba, umeshachelewa. Kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpe anywe kidogo kidogo, kisha kwa daktari. Usimfunike kwa taulo bichi ukaliacha juu yake, linazuia joto kutoka.

Alfajiri unayotoka ni saa sahihi. Ikibidi kupita lami mchana, weka mgongo wa kiganja juu yake kwa sekunde 7. Ukishindwa wewe, na yeye nyayo zinaungua. Asile kwa muda wa saa mbili kabla ya kutoka, na akirudi apoe kwa muda wa saa moja kabla ya chakula, maana mbwa mwenye kifua kirefu tumbo lake linaweza kujaa gesi na kujipinda.

MamaDuluti

Shikamoo mzee wangu. Asante mno. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata mwaka jana mwezi wa sita.

Mzee_wa_Josho

Marahaba binti. Irudie kila mwaka, hasa kwa mbwa atakayekutana na mbwa wa kila kijiji. Na ukirudi kutoka majanini, kagua kupe masikioni, makwapani na katikati ya vidole siku hiyo hiyo.

Fundi_Spoku

Haya dada, chukua karatasi.

Fimbo: bomba la chuma la nusu inchi, jepesi, urefu sentimita 60. Mwisho mmoja uchomelewe kwenye klampu ya nati mbili inayobana bomba la siti. Ndani ya klampu weka kipande cha tyubu isiteleze wala kukwangua rangi. Kutoka kwenye fremu itokeze sentimita 45 hadi 50, zinatosha mwili wa mbwa ukae mbali na pedali. Pinda ile ncha ya nje iteremke kidogo, isije ikamchoma mtu kiunoni. Mwishoni chomelea pete iliyofungwa kabisa. Ndoano usiweke.

Springi: wengine watakuambia utumie springi ya stendi ya pikipiki. Ni ngumu mno, kwa mbwa wa kilo 26 itakuwa kama hakuna kitu. Chukua tyubu ya baiskeli, kata mikanda mitatu, suka kama nywele, upate kamba ya mpira ya sentimita 25. Si unajua mizigo ya mkaa inafungwa kwa kitu gani? Ndiyo hiyo hiyo. Sambamba yake pitisha kamba ya nailoni ndefu kuliko mpira kwa sentimita 15. Mpira unanyooka kwanza, unakula mshtuko, nailoni inashika mwisho. Mpira ukikatika, nailoni ipo.

Urefu wote kutoka kwenye pete hadi mgongoni mwa mbwa uwe mfupi kiasi hiki: simamisha baiskeli, vuta kamba kuelekea mbele kwa nguvu zako zote. Isifike kwenye gurudumu la mbele. Vuta nyuma, isiingie kwenye spoku za nyuma. Ikifika popote kati ya hapo, punguza. Hicho kipimo usikiruke.

Mkanda wa kifuani: nenda kwa wanaouza vipuri vya magari chakavu, nunua mkanda wa siti ya gari. Ule uliundwa kushika mtu kwenye ajali. Mpe fundi viatu ashone kwa uzi wa mishono miwili. Mwambie asiupasue katikati kupunguza upana, ukipasuliwa unafumuka wote. Kwapani ambako upana unasumbua, tumia tepu nyembamba ya mabegi, na azungushie ngozi laini.

Katani_Kwanza

Fundi umeeleza vizuri ila umesahau kitu cha muhimu kuliko vyote. Mbwa akipita upande mmoja wa nguzo ya umeme na baiskeli upande mwingine inakuwaje? Nailoni haikatiki, kinachokatika ni mtu au mbwa. Lazima pawe na mahali dhaifu pa makusudi. Mimi natumia kitanzi cha kamba ya katani kati ya mpira na mbwa. Nakipima kwa ndoo ya lita 20 iliyojaa: ikining'inia kitanzi kishike, nikijibebesha mimi mzima kikatike.

Kijiweni_Moshono

Sasa kikikatika si mbwa amekuwa huru barabarani? Si ndicho nilichoambiwa nimekosea?

Katani_Kwanza

Ni kweli, na hilo nimelifikiria sana. Mbwa aliyekatika kwenye njia ya shambani nitamwita. Akiwa kando ya barabara kuu nitampoteza. Kwa hiyo uamuzi wangu ni kutopita kando ya barabara kuu nikiwa juu ya baiskeli kabisa. Atakayekubali sharti hilo aweke katani. Asiyeweza kulikubali asimkimbize mbwa na baiskeli, kwa sababu pale nailoni nayo haimwokoi, inawaunganisha tu wote wawili kwenye ajali moja.

Ngalawa_Münster

Naunga mkono. Hata vile vya dukani vingi vina sehemu ya kuachia kwa dharura. Na kitanzi cha katani kibadilishwe mara kwa mara, kikilowa umande na kukauka kinachoka.

Bi_Pongwe

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote. Mimi mbwa simfugi ila baiskeli napanda, na nimesoma huu uzi wote kwa sababu umenigusa. Dada, alfajiri unayotoka wewe ndiyo saa watu wanakwenda msikitini, wameshatawadha. Mate ya mbwa yakimgusa mtu au nguo yake, kwa madhehebu yetu ya Shafii inabidi paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Mtu huyo ameshachelewa swala. Sikulaumu, nakuomba tu: ukiona watu wa kanzu na baibui mbele yako, teremka, mbwa aje upande wa mbali, mpite taratibu. Watakuombea heri.

MamaDuluti

Waaleikum salaam Bi Pongwe. Nashukuru kwa kuniambia kwa upole namna hii. Jirani yangu wa pili ni mzee Mwislamu, tunakutana naye kila asubuhi, na sikuwahi kulifikiria hili. Nitateremka.

Kreti_la_Soda

Naomba nichomekee, wa kwangu ni mdogo, kilo 6, niko Dar. Kwa joto la huku hata alfajiri simkimbizi, nambeba. Nimefunga kreti la soda la plastiki juu ya keria kwa boliti nne na washa pana, chini nimeweka kipande cha godoro, juu wavu. Kamba fupi inatoka kwenye mkanda wake wa kifua kwenda chini ya kreti, fupi kiasi kwamba anaweza kulala na kuketi ila hawezi kuruka nje. Ukimfunga shingoni akaruka, amejinyonga. Mbele kwenye hendeli sikumweka, hata kilo 6 zikigeuka geuka pale usukani unalegalega.

Wanja_wa_Ngong

Hii ni nzuri. Ongeza rifleta, asubuhi ni giza.

Kreti_la_Soda

Nimeweka. Hata kwa mbwa wa kukimbia, ile fulana ya rifleta ya bodaboda ikikatwa inamtosha vizuri sana. Ya njano inaonekana mbali.

MamaDuluti

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Mkono umepona, kidonda cha ukucha wa Bobi kimefunga na ukucha umeanza kuota upya.

Nilivyotumia: bomba, klampu na kuchomelea 38,000. Mkanda wa siti ya gari 4,000, fundi viatu 15,000, tena alinishonea mara ya pili bure baada ya kuona unambana Bobi kwapani. Fulana ya rifleta 5,000. Tyubu mbovu nilipewa bila pesa. Sijafika hata nusu ya bajeti.

Kumfundisha ndiko kulikochukua muda. Siku tatu za kwanza nilimtembeza nikiwa nimeikokota baiskeli tu, yeye kushoto, bila kumfunga. Siku ya nne nikamfunga kwenye fimbo, tukatembea uani. Aliogopa ile sauti ya klampu ikigonga, akajikunja mkia, nikamwacha ainuse fimbo nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikawa namwekea kipande cha dagaa kila tukifika kwenye mwembe. Sasa anajua "polepole" na "simama", na neno "twende" akilisikia anakwenda mwenyewe upande wa kushoto.

Tumeanza na dakika kumi za mchakamchaka. Kila tukifika darajani nasimama dakika moja, kwa sababu siku ya kwanza alitaka kujisaidia na mimi sikujua, alikuwa anageuka geuka nikadhani ananivuta. Mbwa aliyefungwa kwenye fimbo hana namna ya kukuomba.

Swali: mwendo gani ni sahihi?

Mzee_wa_Josho

Ule ambao miguu yake inakwenda kwa mkingamo, mbele kulia na nyuma kushoto pamoja, mgongo umetulia. Kwa mbwa kama wake ni kilomita 10 hadi 15 kwa saa. Akianza kuruka kwa miguu yote amepita kiasi, punguza. Kila wiki ongeza dakika tano tu, na siku mbili za wiki apumzike. Kagua nyayo kila mkirudi.

Bustani_ya_Usa

Nina swali dogo. Mbwa wangu ana miaka 11, nyonga zimechoka, ila nikitoka na baiskeli analia getini. Tela linafaa?

Ngalawa_Münster

Linafaa sana, huku wazee wote wanabebwa. Chagua lenye magurudumu mawili, mshikio wake ufungwe kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, na kiungo chake kiwe kinachozunguka ili baiskeli ikianguka tela libaki limesimama. Angalia uzito unaoruhusiwa: Burley Tail Wagon kwa mfano ni kilo 34, mbwa na mizigo pamoja. Ukitengenezesha huko, tumia magurudumu ya baiskeli ya mtoto ya inchi 20, sakafu iwe chini kuliko ekseli, na iwe ngumu, turubai linalobonyea linamuumiza nyonga. Bendera ndefu nyuma, madereva wa malori hawaoni kitu kilicho chini. Na breki zako ziwe mpya, unashuka mlima na kilo 40 mgongoni.

Bustani_ya_Usa

Asante sana. Ana kilo 22. Nitaanza kumzoesha kulala ndani yake likiwa sebuleni.

MamaDuluti

Nimewaahidi taarifa. Jana ilikuwa Jumamosi tena, siku ya soko. Sikupanga, nilichelewa kutoka. Pale pale kwenye kona, mbuzi. Saba au nane, na mtoto anawaswaga.

Nilisema "polepole" nikaanza kushika breki ya nyuma. Bobi akawaona. Nikamwona mabega yanashuka kama siku ile, tumbo langu likakaza. Akavuta. Mpira ulinyooka mpaka nailoni ikakaza, baiskeli ikasogea kushoto labda upana wa kiganja, na hendeli ikabaki imenyooka mikononi mwangu. Nikaweka mguu chini. Nikasema "simama". Akavuta tena mara moja, kisha akaketi, anahema, anawatazama mbuzi wanapita. Yule mtoto alicheka, akauliza kama baiskeli yangu imeota mkono.

Nilikaa pale pembeni dakika nzima nimemshika shingo. Machozi yalinitoka, siwafichi.

Katani haikukatika. Ila Fundi, nimeukagua ule mpira jioni, umeanza kuchanika karibu na fundo la upande wa pete. Nimekata tyubu nyingine usiku huu huu. Nisuke mikanda mitatu tena au niongeze iwe minne?

Fundi_Spoku

Mitatu, dada. Ukifanya minne utakuwa mgumu kwa uzito wake. Pale kwenye pete usipige fundo, zungushia mara mbili kisha ufunge kwa uzi. Fundo ndilo linalokata mpira.